Vifungo Vyeusi Kumi na Vinane

Kila Jumamosi saa nne asubuhi fundi cherehani mmoja, mama wa mtoto mmoja tu, alikuwa anasimamisha mashine yake, anafuta mikono kwenye aproni na kukaa kungoja simu ya binti yake. Simu ikilia hakuanza na habari za afya kama mzazi mwingine. Alianza na swali lilelile moja.

"Umefika ngapi?"

Binti alikuwa mtafiti wa wadudu wa nafaka. Mtaani walimwita Daktari wa Dudu, naye hakukasirika, maana ni kweli alikuwa anashinda kutwa akichungulia vidudu vinavyotoboa punje ghalani. Kazi yake ilikuwa kwenye taasisi ya utafiti, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka nyumbani. Walimpa miaka sita. Ndani ya miaka hiyo ilimpasa afikishe namba kumi. Akiifikisha anakuwa mtafiti mwandamizi na kazi ni yake mpaka astaafu. Asipoifikisha anarudisha ufunguo wa ofisi na kwenda zake.

Mama aliishia darasa la saba. Namba yenyewe alielezwa likizo moja, mezani pa kushonea, kwa vifungo vya kwenye kopo. Binti alipanga vifungo mistari mistari. Kila mstari ni makala aliyoiandika, na kila kifungo ni mtaalamu mwingine, popote alipo, aliyeitaja makala hiyo katika maandishi yake. Ukiwa na makala tatu ambazo kila moja imetajwa mara tatu au zaidi, namba yako ni tatu. Ukitaka nne, uwe na mistari minne, na kila mmoja usipungue vifungo vinne. Mstari mmoja hata uwe mrefu wa kutoka mezani hadi mlangoni, unakupa moja tu.

Mama aliitazama ile mistari, akasema, "Kwa hiyo hata gauni lako moja likisifiwa na mji mzima, wewe bado ni fundi wa gauni moja."

Binti alicheka sana. Alisema kwenye taasisi yao kuna watu walikalishwa semina nzima na hawakuelewa hivyo.

Ingekuwa heri kama asingeelewa. Mama huyu alikuwa mtu wa roho juu tangu zamani. Mtoto akikohoa, yeye alishaanza kutafuta kadi ya hospitali. Sasa alipewa kitu cha kuhesabu, akakikamata kwa mikono miwili. Mwaka wa kwanza namba ilikuwa mbili. Mwaka wa tatu nne. Mwaka wa nne ikafika sita, ikakwama hapo miezi minane. Kila Jumamosi sita. Mama hakugomba wala hakulia. Alikuwa anasema tu, "Sita tena?" Ni maneno mawili, na aliyasema kwa kumhurumia mwanawe. Tutakuja kuyakuta mbele.

Kisha ikatoka makala ya sanduku la jua. Binti na wenzake watatu walitengeneza sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo. Unamwaga mbegu ndani, unaliweka juani, joto linaua wadudu, nawe unabaki na mbegu safi za kupanda bila dawa yoyote. Makala ilieleza ni joto gani na kwa saa ngapi. Katika wale wenzake watatu alikuwamo bwana mmoja ambaye ofisi nzima ilimwita Nawenzake, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye makala zaidi ya mia, na watu wa vitabu wakichoka kuandika majina yote huandika la kwanza halafu "na wenzake". Yeye alikuwa wenzake wa kila mtu. Hakuwa mtu mbaya. Alijua kuunganisha watu: huyu apime, yule apige hesabu, mwingine asahihishe lugha, na wote wanatoka na makala.

Makala ya sanduku ilitajwa kuliko zote za binti. Na nyingine nazo zikasogea moja moja, mpaka mwaka wa sita, Jumamosi moja, mama akauliza swali lake akajibiwa, "Kumi, mama." Alikaa chini. Makalio yalikosa kigoda, akakaa sakafuni, na hapo hapo sakafuni akamwambia mwanawe hongera.

Wiki hiyo binti alikuja nyumbani na kompyuta yake na bahasha ya karatasi. Kamati ya kupandisha vyeo ingekaa baada ya miezi mitatu, na fomu ilitakiwa ndani ya siku kumi. Alitaka kuijaza mahali patulivu. Mama alimsafishia upande mmoja wa meza, akahamisha sare za shule alizokuwa anazishona, akamwekea na mto wa kiti.

Sasa ng'ambo ya barabara alikuwapo mwuza vitambaa, mwanamke wa maneno, aliyemuuzia mama kitambaa tangu wote wawili ni wasichana. Miaka yote hiyo alikuwa anasikia habari za binti kutajwa. Asubuhi hiyo aliingia na kuwaamkia, akamtazama binti kuanzia juu hadi chini, akamgeukia mama.

"Shoga, kila siku mwanao anatajwa, anatajwa. Kwani anagombea?"

"Anatajwa na wataalamu," mama akasema.

"Wanamtajaje? Mimi pia natajwa. Ukikaa pale kwa kinyozi utasikia ninavyotajwa."

Alicheka, akaondoka na mkasi alioufuata. Ni utani wa kila siku, lakini ulimkaa mama kooni. Alichomoa daftari lake la vipimo, lile la jalada gumu analoandikia viuno na mabega ya watu, akafungua ukurasa mpya. Alimwambia binti anataka aandike humo kila aliyemtaja, jina lake na alichosema, ili siku nyingine mwenye duka akija na mdomo wake asomewe. Waanze na ile makala kubwa ya sanduku.

Binti alisema makala zilizoitaja ziko thelathini na nane, mama atachoka.

"Sichoki. Wa kwanza kasema nini?"

Binti alisema hajui. Alieleza kwamba hakuna mtu anayesoma hayo. Mtu akikutaja, mashine ya mtandaoni ya kuhesabu inakuletea ujumbe kwamba umetajwa na idadi inapanda. Haileti sentensi. Inaleta idadi.

Mama aliweka kalamu chini. Yeye naye aliwahi kuwa na jina. Zamani, binti akiwa darasa la pili, alipewa kushona sketi arobaini za kwaya. Kwa haraka hakuloweka kitambaa kabla ya kukikata, na sketi zote zilipofuliwa mara ya kwanza zikarudi zikawa fupi, wasichana wakasimama mbele za watu magoti yote nje. Mwaka ule hakukuwa na fundi aliyetajwa mjini kama yeye. Walimtaja sokoni, walimtaja kisimani, waliokuwa hawamjui wakamjua. Kwa hiyo alijua, bila kufundishwa na mtu, kwamba kutajwa peke yake si sifa.

"Tafuta sentensi," akasema. "Nisomee."

Binti aliguna, lakini alikuwa mtoto mtiifu, na fomu ilikuwa na siku kumi. Akafungua ya kwanza, akaisoma kimoyomoyo, akamtafsiria. Ilisema sanduku la jua ni njia rahisi, kama walivyoonyesha fulani na wenzake. Mama akaandika, akachomoa kifungo cheupe kwenye kopo, akakiweka mezani. Ya pili ilikuwa imelitia jina la binti kwenye mabano pamoja na mengine saba, kama daftari la mahudhurio, bila kusema neno. Mama alifikiri, akaweka kifungo cha kahawia. Ya tatu nyeupe.

Ya nne binti aliisoma, akairudia. Mama akauliza kuna nini.

"Wanasema walifuata kipimo chetu. Wadudu walikufa." Akasogeza kidole mstari wa chini. "Na mbegu hazikuota."

Mama alitia mkono kwenye kopo na kutoa kifungo cheusi. Labda hao walikosea wenyewe. Ya tano ilikuwa ya kahawia. Ya sita nyeusi. Ya saba nyeusi.

Waliendelea hivyo mpaka jua likahama dirishani. Wateja wawili walikuja kuchukua sare, wakapewa, wakaondoka. Chai ilipoa vikombeni. Ilipofika ya ishirini binti hakuwa anatafsiri tena sentensi nzima. Alikuwa anasema rangi tu, na mama anaweka. Walipomaliza, mezani palikuwa na vifungo vyeupe tisa, vya kahawia kumi na kimoja, na vyeusi kumi na vinane. Watu kumi na wanane wa mahali mbalimbali, wasiojuana, walikuwa wamesema jambo lilelile kwa upole wa watu wa vitabu: kwamba matokeo haya hayakuweza kurudiwa, kwamba tahadhari inahitajika. Na kila aliyesema hivyo alikuwa amempandisha binti namba.

Binti alifungua kompyuta na kutafuta vipimo vya mwanzo. Haikumchukua hata nusu saa. Ndani ya sanduku kulikuwa na vipimajoto viwili. Kimoja kilining'inia hewani, karibu na kioo. Cha pili kilizamishwa katikati ya mbegu. Hewa ilifika sitini na tano. Mbegu zenyewe zilifika hamsini na mbili tu, ndiyo maana hazikufa. Safu hizo mbili za namba zilikaa bega kwa bega, na binti wakati wa kunakili alichukua ile ya hewa akaiandika kuwa joto la mbegu. Aliyesoma makala akatia kipimajoto kwenye mbegu zake, akangoja mpaka sitini na tano, akazipika.

"Wenzako hawakuona?" mama akauliza.

Binti alisema walikuwa wanne, na kila mmoja aliamini mwingine ameangalia. Mpiga hesabu alipiga hesabu za namba alizopewa. Wa lugha alitazama lugha. Nawenzake alitia jina.

"Na wewe ulikuwa na haraka gani?"

Binti alikuwa anakusanya vifungo vyeusi, anavipanga, anavivuruga tena. Alijibu bila kuinua macho.

"Ilikuwa Ijumaa, mama. Nilitaka Jumamosi nikikupigia nikuambie nimeipeleka."

Sita tena. Mama aliinuka akaenda kuwasha cherehani, akashona mshono ambao haukuhitaji kushonwa, akaufumua.

Alasiri hiyo binti alimpigia Nawenzake, simu ikawekwa mezani kwa sauti kubwa. Bwana yule aliposikia mama yupo, aliamkia kwanza, shikamoo mama, marahaba baba, akauliza na hali ya mguu wake uliokuwa ukimuuma mwaka juzi. Kisha akasikiliza mambo yote mpaka mwisho. Hakubisha. Alisema ni kosa kweli, na ni kosa la kurekebishwa. Suala ni lini.

"Kutajwa ni kutajwa," akasema taratibu. "Mashine haijui kununa. Acha kamati ikae, upate cheo chako, kisha tuiondoe makala kwa heshima. Ukiiondoa leo unabaki na tisa. Tisa ni ufunguo mezani."

Akaongeza kuwa hata hilo lina dawa. Makala ya binti ya kumi na moja ilikuwa imetajwa mara nne, bado sita. Yeye ana rasimu mbili mkononi, na ana wenzake ambao wana zao. Wataitaja wote ndani ya mwezi, na binti naye atawataja akipata nafasi. Ndivyo watu wanavyobebana, alisema, na hakuna anayeumia.

"Ile ni ya nondo wa unga," binti akasema. "Wewe unaandika mambo ya udongo. Utanitajia wapi?"

"Kwenye utangulizi," akajibu. "Utangulizi hauna mlango."

Binti alimshukuru, akakata simu.

Sasa yule mama aliyeng'ang'ania kusomewa sentensi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutaka zifukiwe. Aliuona ufunguo ukirudishwa, akawaona majirani, akamwona mwenye duka akivuka barabara. Alimwambia mwanawe kwamba yule bwana ana busara. Kwamba kosa halikuwa la makusudi. Kwamba hao kumi na wanane wameshajua, na walioujua moto hawatatia mkono tena.

"Ngoja kikao kipite, mwanangu. Miezi mitatu siyo mingi."

"Ndani ya miezi mitatu watu wanapanda."

"Wangapi? Wangapi watakuwa wamesoma hiyo karatasi yako?"

"Sijui, mama. Wanaohesabiwa ni wanaoandika. Wanaopanda hawahesabiwi."

Mama alisema hata hivyo, mtu ajiokoe kwanza. Alisema sana. Binti alimwacha mpaka alipoishiwa, ndipo akamuuliza, wala si kwa ukali.

"Zile sketi za kwaya, ulingoja?"

Hakungoja. Alizunguka nyumba arobaini kwa siku mbili, binti nyuma yake amebeba kapu, akigonga mlango na kusema: mimi ndiye fundi, nimeharibu, nipeni nishone upya. Wengine walimtukana. Mmoja alimfungia mlango, sketi ikatupwa dirishani. Binti alikuwa na miaka minane na alikumbuka kila mlango. Mama naye alikumbuka, ila hakupenda kukumbushwa wakati kama huu.

Mwishoni akasema, "Mimi sikuwa na ofisi ya kunyang'anywa," lakini alisema polepole, kama mtu anayeachia kamba.

Barua ya kuiondoa makala iliandikwa kesho yake asubuhi pale pale mezani. Kwa utaratibu wao lazima waandishi wote wanne waikubali. Wawili walijibu siku hiyo hiyo. Nawenzake alichukua siku saba, kisha akatia sahihi, na lazima isemwe kwamba alitia bila masharti. Ila zile rasimu zake hakuzitaja tena, na salamu za mguu zikaisha.

Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku kimoja kidogo cha namba. Binti aliandika tisa. Mama alisimama nyuma ya kiti chake akiangalia kalamu, ameshika futi ya kupimia shingoni kwa mikono miwili.

Kamati ilipokaa kulitokea jambo dogo. Katibu alifungua mashine kuhakikisha, akakuta kumi. Alimwita binti akamuuliza mbona ameandika tisa. Binti akaeleza kwamba makala moja ameiondoa yeye mwenyewe, na mashine inaendelea kuihesabu, kwa sababu inahesabu waliotaja, haiangalii kama kilichotajwa bado kipo. Wajumbe walitazamana. Mmoja alimsifu kwa uaminifu. Mwingine aliuliza uaminifu unaandikwa kisanduku kipi. Hakikupatikana. Wakapokea namba aliyoiandika kwa mkono wake, na kwenye kumbukumbu za kikao ikaandikwa kwamba mhusika hajafikia kiwango.

Alirudisha ufunguo siku ya Jumanne. Aliondoka na sanduku moja la vitabu, jozi ya viatu vya mvua, na vile vipimajoto viwili, ambavyo vilikuwa vyake. Baada ya miezi kadhaa alipata kazi kwenye ghala la mbegu, kazi ya kupima uotaji. Unalaza mbegu mia kwenye kitambaa chenye unyevu, unangoja siku, unahesabu zilizoota. Haina cheo chochote, lakini binti anasema ni kuhesabu anakokuelewa.

Mama hakuzoea upesi. Mwenye duka hakuvuka barabara kucheka. Alikuja na kipande cha kitambaa, akakaa, akazungumza mambo ya mvua. Hilo lilimuuma mama kuliko kama angecheka. Na mpaka leo Jumamosi ikifika saa nne, neno "ngapi" linamjia mdomoni lenyewe, analirudisha ndani. Badala yake anauliza binti ameshindaje.

Jumamosi iliyopita binti alimwambia, akipita tu kama habari ya hali ya hewa, kwamba ile makala ya sanduku imetajwa tena. Ni mara ya tatu tangu iondolewe. Imefika arobaini na moja.

"Wamesema nini?" mama akauliza.

"Hawajasema kitu. Wamenakili orodha ya mtu mwingine."

Wakaagana. Mama alichomoa kopo, akatafuta kifungo cha rangi ya mtu ambaye hakusoma, asiipate. Akalifunga. Cherehani ilikuwa inamngoja, na sare zilikuwa za Jumatatu, lakini hakuanza mara moja. Alikuwa anafikiria mtu asiyemjua, mahali asipopajua, ameinamia sanduku lenye kifuniko cha kioo, kipimajoto kimezama kwenye mbegu zake zote za mwaka, anangoja kifike sitini na tano.